Namba 2147483647 ni tasa: namna ya kuithibitisha mwenyewe, hatua kwa hatua

Kazi hii inawashinda wengi, na makosa ni yale yale. Mmoja anaigawa 2147483647 kwa 3, kwa 7, kwa 11, kwa 13, anafika mia moja na kitu, anachoka, anaandika "ni tasa". Mwingine anaandika programu ya mistari mitano, inamletea jibu, naye hawezi kusema kama kompyuta imekokotoa namba aliyoikusudia. Wa tatu anatumia jaribio la Fermat kwa 2, yaani anaangalia kama 2 yenye kipeo 2147483646 inaacha baki 1, linapita, anafurahi, wakati jaribio hilo lingepita hata kama namba hii ingekuwa na vigawanyo kumi.

Namba tasa ni ile isiyogawanyika bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe. Kwa namba ndogo kama 37 unaona kwa macho. Kwa namba yenye tarakimu kumi inabidi uthibitisho, yaani mlolongo wa hatua usioacha tundu hata moja. Mwongozo huu una njia tatu: ya penseli, ya programu fupi, na ya kukagua hizo mbili. Ukiwa na nafasi fanya zote, kwa sababu kosa la njia moja ni nadra kujirudia katika nyingine.

## Vitu vya kuandaa

- Kikokotoo chenye nafasi ya tarakimu 10 au zaidi. Vile vya dukani vya tarakimu 12 vinafaa kabisa. Cha tarakimu 8 hakifai, kwa kuwa namba yenyewe haiingii.
- Daftari la mistari na penseli. Utaandika safu mbili ndefu, na kalamu ya wino itakuchafulia kazi unapofuta.
- Orodha ya namba tasa kutoka 3 hadi 211. Ziko 46.
- Kwa njia ya pili na ya tatu: simu au kompyuta yenye Python 3.

Katika maelezo yote, herufi M inasimama badala ya 2147483647.

## Hatua ya 1: Hakikisha umeshika namba sahihi

M ni 2³¹ − 1. Umbo hilo ndilo linaloturahisishia kazi yote, kwa hiyo lijenge mwenyewe badala ya kunakili:

2¹⁰ = 1024
2²⁰ = 1024 × 1024 = 1048576
2³⁰ = 1048576 × 1024 = 1073741824
2³¹ = 2147483648
M = 2147483647

Kosa la kawaida ni kubadilisha nafasi za tarakimu, mtu akaandika 2147438647. Kujumlisha tarakimu hakulikamati kosa hili, maana jumla inabaki 46 vilevile. Kipimo kizuri ni kurudi nyuma: chukua namba yako, ongeza 1, gawanya kwa 1024 mara tatu. Ukiona 2097152, kisha 2048, kisha 2 bila desimali yoyote, umeshika namba sahihi.

## Hatua ya 2: Weka mpaka

Kama M ingekuwa zao la namba mbili, ndogo kati yake isingeweza kuzidi kipeuo cha pili cha M. 46340 × 46340 ni 2147395600, bado iko chini ya M. 46341 × 46341 ni 2147488281, imeshapita. Kwa hiyo mpaka ni 46340, na ukifika hapo bila kupata kigawanyo, kazi imekwisha.

Chini ya mpaka huo kuna namba tasa 4792. Ukizigawanya zote kwa mkono utachoka na kukosea, na hapa ndipo wengi wanapoishia. Dawa ni kuzipunguza kabla ya kugawanya.

## Hatua ya 3: Elewa ni namba zipi zinaweza kugawa M

Soma sehemu hii polepole. Ukiielewa, safu utakazoandika zitakuwa na maana.

Tuseme q ni namba tasa inayogawa M. Maana yake 2³¹ ikigawanywa kwa q huacha baki 1. Sasa andika mabaki ya 2, 2², 2³ na kuendelea, kila moja ukiigawa kwa q. Mabaki hayo huzunguka: yanafika 1, kisha yanaanza upya. Kwa kuwa 2³¹ imeleta 1, urefu wa mzunguko lazima ugawe 31. Lakini 31 ni tasa, kwa hiyo urefu ni 1 au 31. Hauwezi kuwa 1, kwani hapo q ingelazimika kugawa 2 − 1, yaani 1. Basi ni 31.

Kanuni ndogo ya Fermat inasema kwamba kwa q tasa isiyo 2, kipeo q − 1 nacho hurudisha 1. Kwa hiyo q − 1 ni kigawe cha 31. Tena q ni witiri, hivyo q − 1 ni shufwa. Ukiunganisha, q − 1 ni kigawe cha 62.

Kuna sharti la pili. Kama 2³¹ inaacha 1, basi 2³² inaacha 2. Na 2³² ni 2¹⁶ iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa maneno mengine, kwa upande wa mabaki ya q, namba 2 ni kipeo cha pili cha namba nyingine. Inajulikana kwamba jambo hilo hutokea tu q ikigawanywa kwa 8 ikaacha 1 au 7.

Masharti yote mawili yakikutana, q inabaki na maumbo mawili tu:

- 248k + 1
- 248k + 63

248 imetokana na 31 × 8. Namba nyingine zote chini ya 46340, hata ziwe tasa kiasi gani, haziwezi kugawa M. 3 haiwezi, 7 haiwezi, 101 haiwezi. Aliyeanza kwa kugawanya kwa 3 na 7 alikuwa anafanya kazi isiyohitajika.

Jaribu kwanza kwa namba ndogo. 2¹¹ − 1 ni 2047, nayo si tasa: ni 23 × 89. Kwa kanuni hiyohiyo vigawanyo vyake lazima viwe na umbo 22k + 1, na kwa 8 viache 1 au 7. 23 ni 22 + 1 na kwa 8 inaacha 7. 89 ni 22 × 4 + 1 na kwa 8 inaacha 1. Kanuni inashika.

## Hatua ya 4: Andika safu mbili

Safu ya kwanza anza na 63, kila mstari ongeza 248: 63, 311, 559, 807, 1055, 1303, 1551, 1799, 2047, 2295, 2543…

Safu ya pili anza na 249, ongeza 248 vilevile: 249, 497, 745, 993, 1241, 1489, 1737, 1985, 2233, 2481, 2729…

Safu ya kwanza inaishia 46191, ya pili 46129. Zikiishia pengine, umekosea kujumlisha mahali fulani, na kosa moja la kujumlisha linaharibu kila kilichoandikwa chini yake. Usisubiri hadi mwisho kugundua. Kagua kila mstari wa kumi: kutoka 63 hadi 2543 hadi 5023 ongezeko ni 2480, wala si zaidi wala pungufu.

Jumla ni namba 373. Ondoa 63, ambayo ni 7 × 9, zinabaki 372.

### Kufuta zisizo tasa

Huna haja ya kugawanya ili kufuta. Hesabu mistari tu. Katika safu ya kwanza 63 inagawanyika kwa 3, kwa hiyo kila mstari wa tatu kuanzia hapo unagawanyika kwa 3: 63, 807, 1551. Kwa 5, wa kwanza ni 1055, kisha kila mstari wa tano: 2295, 3535. Kwa 7, anza na 63, kisha 1799, na kila mstari wa saba. Endelea hivyo kwa kila tasa katika orodha yako hadi 211, ukitafuta mstari wa kwanza tu na kuhesabu mingine. Unaishia 211 kwa sababu tasa inayofuata ni 223, na 223 × 223 imeshavuka 46340.

31 iruke. Kila namba katika safu zote mbili ikigawanywa kwa 31 inaacha 1, kwa jinsi tulivyoziunda.

Shika jambo hili kwa makini. Ukisahau kufuta namba isiyo tasa, umepoteza dakika moja tu ya kugawanya bure. Ukifuta namba tasa kwa makosa, uthibitisho wote umeanguka hata kama jibu la mwisho ni sahihi. Kwa hiyo ukiwa na shaka, iache. Mfano ni 46129 iliyo mwisho wa safu ya pili: inafanana sana na tasa, lakini ni 163 × 283. Usipoiona hiyo, hakuna hasara.

Ukimaliza unabaki na namba takribani themanini. Za mwanzo ni 311, 1303, 1489, 2543, 2729 na 2791. Kutoka 4792 hadi hapa ni unafuu mkubwa, na hakuna hata moja tuliyoiacha kwa kubahatisha.

## Hatua ya 5: Gawanya

Kuna namna mbili.

Kwa kikokotoo. Gawanya M kwa q, chukua sehemu nzima ya jibu, izidishe kwa q, toa kutoka M. Kwa 1303: jibu ni 1648107 na desimali. 1648107 × 1303 = 2147483421. Toa kutoka M, baki ni 226. Usijaribu kusoma baki kutoka kwenye desimali zenyewe. Kikokotoo hukata desimali za mwisho, na kwa q kubwa utapata jibu lisilo namba nzima, kisha uanze kulikadiria.

Kwa vipeo. Namna hii ni nzuri zaidi, kwa sababu haikugusishi tarakimu kumi za M kabisa. Tafuta baki la 1024, lizidishe kwa lenyewe na utafute baki, zidisha tena kwa baki la 1024 na utafute baki, kisha zidisha kwa 2 na utafute baki. Hapo umepata baki la 2³¹. Toa 1.

Kwa 1489:
1024 ni ndogo kuliko 1489, inabaki 1024.
1024 × 1024 = 1048576, baki 320.
320 × 1024 = 327680, baki 100.
100 × 2 = 200.
200 − 1 = 199.

Kwa 311:
1024 inaacha 91.
91 × 91 = 8281, baki 195.
195 × 91 = 17745, baki 18.
18 × 2 = 36, toa 1, baki 35.

Mazao yote ya njia hii hayavuki tarakimu kumi, kwa kuwa kila baki ni dogo kuliko q na q haizidi 46340.

Haya ni majibu ya kukagulia mwanzo wa kazi yako:

311 inaacha 35
1303 inaacha 226
1489 inaacha 199
2543 inaacha 1523
2729 inaacha 799
2791 inaacha 1726

Moja kati ya hayo ikitofautiana na yako, simama hapo. Usiendelee na 2791 wakati 1303 haijakaa sawa.

### Zoezi la lazima

Njia isiyowahi kukuonyesha kigawanyo huwezi kuiamini inaposema hakuna kigawanyo. Ndiyo maana kabla ya kuendelea na orodha, ijaribu kwa 2²⁹ − 1, yaani 536870911, ambayo ni 233 × 1103 × 2089.

Kwa 233: 1024 inaacha 92. 92 × 92 = 8464, baki 76; hili ni baki la 2²⁰. Bado vipeo 9, na 2⁹ ni 512. 76 × 512 = 38912, baki 1. Toa 1, baki 0. Umekikamata kigawanyo. Fanya 1103 na 2089 mwenyewe. Zote mbili zikileta 0, mkono wako uko sawa.

Dalili ya kufanikiwa katika njia ya kwanza: kila namba iliyobaki kwenye safu ina baki lililoandikwa pembeni yake, na hakuna hata moja iliyo na 0. Ukipata 0 popote, rudia hesabu hiyo kwa namna ya pili. Ni kosa la mkono.

## Njia ya pili: jaribio la Lucas na Lehmer

Jaribio hili ni la namba zenye umbo 2ᵖ − 1 tu, p ikiwa tasa na witiri. Halitafuti vigawanyo. Linasema: anza na 4. Kila hatua zidisha namba uliyonayo kwa yenyewe, toa 2, chukua baki kwa M. Baada ya hatua p − 2, ukipata 0, namba ni tasa. Ukipata kingine chochote, si tasa. Hakuna "huenda".

Kwa 2⁷ − 1 = 127, hatua ni 5:
4 → 14 → 67 → 42 → 111 → 0. Ni tasa.

Kwa 2047, hatua ni 9:
4 → 14 → 194 → 788 → 701 → 119 → 1877 → 240 → 282 → 1736. Mwisho si 0, kwa hiyo si tasa. Angalia pia kwamba jaribio halikutuambia lolote kuhusu 23 na 89. Linatoa hukumu bila kuonyesha vigawanyo.

Fanya hizo mbili kwa mkono. Zinamalizika kwenye ukurasa mmoja.

Kwa M hatua ni 29, na hesabu zinafika tarakimu 19, kwa hiyo tumia Python:

```
M = 2**31 - 1
print(M)
s = 4
for hatua in range(1, 30):
    s = (s*s - 2) % M
    print(hatua, s)
```

Majibu ya kukagulia:

hatua ya 4: 1416317954
hatua ya 5: 669670838
hatua ya 6: 1937259419
hatua ya 9: 12692426
hatua ya 10: 2044502122
hatua ya 22: 27220594
hatua ya 23: 1570086542
hatua ya 27: 1181536708
hatua ya 28: 65536
hatua ya 29: 0

Tazama hatua ya 28. 65536 ni 2¹⁶. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2³², ukitoa 2 unapata 2 × (2³¹ − 1), yaani M mara mbili kamili. Hatua ya mwisho unaweza kuihakikisha kichwani bila kompyuta.

### Yanayoharibika, na namna ya kuyatambua

Unaona 14, 26, 2, 2, 2 mfululizo. Umeandika 2^31 badala ya 2**31. Katika Python alama ^ si ya vipeo, inalinganisha biti. Tena kutoa kunafanyika kwanza, kwa hiyo 2^31 - 1 inakuwa 28. Ndiyo maana mstari wa print(M) upo: usipoona 2147483647 pale juu, yote yaliyo chini hayana maana.

Hatua ya 4 iko sawa, ya 5 imeharibika. Hili hutokea kwenye majedwali kama Excel, kwenye JavaScript, na kwenye lugha ambazo namba zake ni za biti 32. Zao la hatua ya 5 kabla ya kutafuta baki ni 2005956546822746114. Excel huaminika kwa tarakimu 15 tu. JavaScript ya kawaida huanza kupoteza usahihi baada ya 9007199254740991. Hakuna onyo lolote linalotokea, namba inaharibika kimyakimya. Kwenye C au Java tumia aina ya namba yenye biti 64. Hapo kila zao linaingia.

Jibu la mwisho ni 65536. Umefanya hatua 28. range(1, 30) inaishia 29, lakini range(1, 29) inaishia 28.

Jibu la mwisho ni 2147483645. Umepitiliza hatua moja: 0 ukitoa 2 unapata M − 2. Ukizidi kuendelea utaona 2, na baada ya hapo 2 daima.

Kwa anayetaka kufanya hata hatua moja kubwa kwa mkono, kuna njia rahisi ya kupata baki bila kugawanya kwa M. Gawanya zao kwa 2147483648, chukua sehemu nzima na baki lake, vijumlishe. Kwa hatua ya 5, sehemu nzima ni 934096307 na baki 1883058178. Jumla 2817154485, toa M mara moja, unapata 669670838. Inafanya kazi kwa sababu 2³¹ kwa upande wa M ni sawa na 1, hivyo sehemu ya juu inashuka na kujumlishwa na ya chini.

## Kwa nini jaribio la Fermat kwa 2 halifai hapa

Wengi huandika pow(2, M-1, M), yaani baki la 2 yenye kipeo M − 1 ikigawanywa kwa M, wanapata 1, wanafunga daftari. Kwa namba za umbo hili, jibu hilo halithibitishi chochote. Kwa kila p tasa na witiri, 2ᵖ − 1 ikipunguzwa 1 inagawanyika kwa p, na 2ᵖ yenyewe inaacha 1. Kwa hiyo jibu ni 1 lazima, namba iwe tasa isiwe tasa. Jaribu pow(2, 2046, 2047). Utapata 1, na tumeshaona kwamba 2047 ni 23 × 89.

## Njia ya tatu: ushahidi wa namba 7

Njia hii inatumia vigawanyo vya M − 1, ambavyo ni rahisi kuvipata:

2147483646 = 2 × 3 × 3 × 7 × 11 × 31 × 151 × 331

Zidisha mwenyewe uhakikishe. Kisha:

```
M = 2**31 - 1
print(pow(7, M-1, M))
for r in [2, 3, 7, 11, 31, 151, 331]:
    print(r, pow(7, (M-1)//r, M))
```

Mstari wa kwanza lazima ulete 1. Mistari saba inayofuata haitakiwi kuleta 1 hata mara moja, na ule wa r = 2 lazima ulete 2147483646.

Sababu ni hii. Mabaki ya vipeo vya 7 yanazunguka. Mstari wa kwanza unasema urefu wa mzunguko unagawa M − 1. Mistari saba inasema urefu huo si mfupi kuliko M − 1 kwa namna yoyote. Basi ni M − 1 kamili, na mzunguko umepita kwenye kila namba kuanzia 1 hadi M − 1. Kila namba iliyofikiwa na vipeo vya 7 haina kigawanyo cha pamoja na M zaidi ya 1. Kama zote hazina, M ni tasa.

Tumia // wala si /. Ukitumia / Python inageuza jibu kuwa la desimali, na pow itakataa kwa kutoa kosa. Hapa angalau inakataa waziwazi. Usitumie 2 badala ya 7: mzunguko wa 2 una urefu 31 tu.

7 hii ndiyo iliyozaa namba 16807, yaani 7⁵, ambayo pamoja na M imetumika kwa miaka mingi kwenye programu za kuzalisha namba za kubahatisha. Kila hatua unazidisha kwa 16807 na kuchukua baki kwa M, na mfululizo haujirudii hadi umepita namba zote 2147483646. Sifa hiyo inategemea M kuwa tasa.

## Ukishathibitisha, unapata nini

Ukiandika M kwa tarakimu za 0 na 1 unapata 1 mara 31 mfululizo. Ndiyo maana ni namba kubwa kuliko zote inayoingia kwenye biti 32 zenye nafasi ya alama ya kutoa. Katika Java, ukiongeza 1 kwenye int yenye thamani hii, unapata −2147483648.

Utasa wake unaleta pia namba timilifu, yaani namba iliyo sawa na jumla ya vigawanyo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, kama 6 = 1 + 2 + 3. Zidisha M kwa 2³⁰: unapata 2305843008139952128, nayo ni timilifu. Kama M isingekuwa tasa, zao hilo lisingekuwa timilifu.

Tahadhari ya mwisho ni kuhusu kishawishi. 2⁵ − 1 ni 31, tasa. 2³¹ − 1 ni M, tasa. Mtu anaona mnyororo na kuamini kwamba 2 ikipandishwa kwenye kipeo M, ukitoa 1, utapata tasa nyingine. Namba hiyo ni kubwa mno kuiandika, lakini huhitaji kuiandika. Vigawanyo vyake lazima viwe na umbo 2 × M × k + 1, kwa hoja ileile ya Hatua ya 3. Weka k = 68745, utapata 295257526626031. Kisha andika:

```
print(pow(2, 2147483647, 295257526626031))
```

Jibu linatoka mara moja, nalo ni 1. Maana yake 295257526626031 inaigawa namba hiyo, kwa hiyo si tasa.